Namna ya Kukadiria Kusalimika kwa Shamba la Miti Linaloandamwa na Ukataji Haramu

Shamba la miti haliibiwi lote kwa usiku mmoja. Hupungua mti mmoja mmoja, kwanza upande ulio karibu na njia, na kwa kuwa matawi ya miti iliyobakia hutanuka na kuziba mapengo, mwenye shamba anaweza kulipitia kila wiki huku akiamini kwamba mali yake imo, mpaka siku ya kuvuna anapogundua kwamba alichokuwa akikitazama ni majani ya nusu tu ya miti aliyoipanda. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuijua hasara hiyo kabla haijatimia: jinsi ya kupima kasi ya ukataji, jinsi ya kuitumia kasi hiyo kukadiria miti mingapi itafika umri wa kuvunwa, na jinsi ya kuamua la kufanya wakati ambapo uamuzi bado una faida. Umeandikwa kwa ajili ya kamati za uhifadhi za shehia za Zanzibar, kwa wenye eka tatu waliopanda mivinje au miti ya akasia kwenye sehemu isiyofaa mikarafuu, na kwa maofisa misitu wenye mashamba makubwa na walinzi wachache.

Visiwani kwetu haja ya miti inaongezeka kwa haraka. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 1,303,569 katika Zanzibar, na ile ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu hao wanahitaji kuni na makaa ya kupikia, boriti na fito za kujengea, nguzo za kushikilia zege wakati wa ujenzi, chokaa inayochomwa kwa magogo, na mahoteli yanayoezekwa kwa makuti hutaka nguzo ndefu zilizonyooka. Msitu wa asili kama Jozani au Ngezi una miti ya kila aina na kila umri, hivyo anayetaka nguzo moja hulazimika kuitafuta. Shamba la miti halimpi mkataji taabu hiyo: miti ni ya rika moja, imepandwa kwa mistari, imenyooka, na ikifika kimo kinachotakiwa hufika yote pamoja. Jambo hilo la mwisho ndilo linalofanya makadirio mengi yapotoke, nami nitalirudia kila linapohusika.

Kuliweka swali sawa

Swali la kama shamba litasalimika halipimiki mpaka lifungwe kwa mambo matatu: miti ipi, mpaka lini, na hasara kiasi gani. Swali linalopimika ni kama hili: katika kila miti 100 iliyosimama leo katika shamba hili, ni mingapi itakuwa imesimama miaka minne ijayo, litakapofika umri wa kutoa nguzo? Sambamba na swali hilo, kamati iandike idadi ya chini kabisa ambayo ikivukwa mavuno hayatalipa gharama za miche, palizi na ulinzi. Idadi hiyo iandikwe kabla ya kupima, kwa sababu baada ya kupima kila mtu hupata hoja ya kuisogeza.

Ni lazima pia kukubaliana maana ya mti uliopotea. Mkaratusi na mtiki vikikatwa huchipua kutoka kwenye kisiki, na machipukizi yakipunguzwa na kutunzwa hutoa nguzo nyingine bila kupanda upya. Mvinje tuliouzoea katika fukwe na mashamba yetu hauchipui vizuri, kwa hiyo uliokatwa ni sawa na uliokufa. Katika shamba la mikaratusi andika safu mbili, ya shina lililokatwa na ya kisiki kilicho hai. Katika shamba la mivinje safu moja inatosha.

Kuligawa shamba kwa kadiri ya hatari

Kosa kubwa kuliko yote katika kazi hii ni kuchukua wastani wa shamba zima. Upande unaopakana na barabara na upande wa bondeni usiofikika kwa gari la ng'ombe ni mashamba mawili tofauti, hata kama yalipandwa siku moja kwa miche ya kitalu kimoja. Kabla ya kuhesabu mti wowote, lizunguke shamba lote kwa miguu ukiwa na simu yenye uwezo wa kuonesha mahali ulipo, na uchore ramani inayoonesha barabara, vichochoro, nyumba, matanuri ya makaa na ya chokaa yaliyo jirani, na kila mahali ambapo gari la ng'ombe, punda, baiskeli au pikipiki inaweza kupita ikiwa na mzigo. Kisha gawa shamba katika kanda mbili au tatu kwa kufuata ugumu wa kuutoa mti. Kuukata mti ni kazi ya dakika chache. Kinachomzuia mkataji ni uzito wa gogo na idadi ya macho atakayopita mbele yake.

Kwa Pemba, na kwa maeneo ya Unguja yaliyo karibu na mikoko, ongeza bahari katika ramani hiyo. Shamba lililo mbali na lami linaweza kuwa hatua chache tu kutoka kwenye hori au bandari bubu, na chombo kimoja hubeba kwa safari moja mzigo ambao gari la ng'ombe lingeubeba kwa safari nyingi. Mahori mengi hayaingiliki kwa chombo chenye mzigo ila maji yakijaa sana, yaani wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Kwa sababu hiyo, kila visiki vipya vinapoonekana katika ukanda wa pwani, andika tarehe ya mwezi wa Kiislamu pamoja na ile ya kawaida. Baada ya mwaka mmoja daftari litaonesha kama ukataji wa upande huo unafuata bamvua, na kama unafuata, ulinzi wa usiku chache zinazojulikana utakuwa na maana zaidi kuliko ulinzi wa mwezi mzima unaowachosha watu.

Udongo nao uingie katika mgawanyo, ingawa kwa sababu isiyo ya moja kwa moja. Kwenye udongo wa kinongo wenye kina mti hunenepa upesi na kufika ukubwa wa boriti mapema, ilhali kwenye uwanda wenye mawe mti wa umri uleule bado ni fito. Anayekata boriti hatagusa upande wa uwanda mwaka huu, lakini utulivu wa upande huo hauna uhusiano na ulinzi. Ni suala la wakati tu.

Vipande vya sampuli

Katika kila ukanda weka vipande vya kudumu vya mita 20 kwa 20. Palipopandwa kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, kipande kama hicho kina mashimo 100 ya miche, jambo linalorahisisha hesabu za asilimia. Vipande vitatu kwa kila ukanda ni vya chini kabisa. Vitano au sita ni bora. Visichaguliwe kwa macho, maana jicho huvutwa ama na palipoharibiwa ama na palipostawi. Andika namba za mistari kwenye vikaratasi, vichanganye katika kikapu, na uchukue bila kutazama.

Watu wengi hupaka rangi miti ya sampuli, na mimi nashauri isifanywe hivyo. Mti wenye rangi na namba humwambia mkataji kwamba unahesabiwa, naye hukata ule wa jirani. Mwisho wa mwaka kipande chako kinasalimika na shamba linakwisha. Katika shamba lililopandwa kwa mistari rangi haihitajiki hata kidogo, kwa sababu kila mti una anwani yake: mstari wa saba, mti wa kumi na mbili. Fukia kipande cha nondo kwenye pembe moja, andika umbali wake kutoka kwenye jiwe au mti mkubwa usiohamishika, na ramani ya vipande iwe mikononi mwa watu wawili au watatu wanaoaminika katika kamati.

Katika kila kipande, andika kwa kila shimo mojawapo ya hali hizi: mti umesimama na ni mzima, umesimama lakini umekauka, umeangushwa na upepo, umeungua, umekatwa na kuna kisiki, au hakuna kitu. Kwa kila mti uliosimama pima mzingo wa shina kwa futikamba kwenye usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, na ugawanye kwa 3.14 ili upate kipenyo. Pima pia miti 30 hivi kwa mizingo miwili, wa kifuani na wa chini karibu na ardhi, upate uwiano wake. Uwiano huo ndio utakaokuwezesha kujua, kwa kupima kisiki tu, mti uliokatwa ulikuwa mnene kiasi gani.

Kutenganisha sababu za kufa kunahitaji subira, na hapa haifai kufanya haraka. Miche mingi hufa katika mwaka wa kwanza kwa jua na magugu, hasa iliyopandwa masika yalipokuwa yanamalizikia. Kusi kali huiangusha mivinje iliyoota juu ya mwamba ambako mizizi haikupata pa kushuka. Moto unaowashwa kusafisha uwanda kabla ya masika huvuka mipaka. Tufani ya Aprili 1872 iliyoangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja ni ukumbusho kwamba si kila hasara inaletwa na shoka. Ukiichanganya hasara yote katika fungu moja, utaongeza walinzi mahali ambapo kilichohitajika ni njia ya kuzuia moto.

Kuvisoma visiki

Kamati isiyo na hesabu za miaka iliyopita huanza na visiki. Kisiki kipya kina utomvu, rangi ya mti wake bado ni angavu, magome yameshika na pembeni kuna vumbi la msumeno au vibanzi vya shoka. Baada ya miezi kadhaa uso wake hugeuka kijivu na kupasuka, magome huanza kuachia, kisha uyoga na mchwa huingia. Kasi ya mabadiliko hayo hutegemea aina ya mti na unyevu, kwa hiyo usikadirie kwa kubahatisha: kata kwa kibali mti mmoja au miwili, au tumia visiki ambavyo tarehe yake inajulikana, na upige picha kila mwezi. Picha hizo zitakuwa kipimo chako cha shamba hilo na udongo huo.

Kisiki hueleza zaidi ya tarehe. Kilichokatwa kwa panga huachwa kirefu na chenye makovu mengi, na mara nyingi ni kazi ya mtu anayetafuta kuni au fito za nyumbani. Kilichokatwa kwa msumeno usawa wa ardhi, kikafunikwa kwa mchanga na majani, ni kazi ya mtu aliyekusudia kisionekane, na kipenyo chake hukwambia alikuwa na mteja wa aina gani: wa mapau, wa boriti, wa nguzo au wa mbao. Mafundi wa vyombo vya baharini hutafuta mti uliopinda kwa ajili ya mataruma, yaani mbavu za chombo, kwa hiyo mtondoo ambao mwenye mbao angeuona hauna thamani unaweza kuwa wa kwanza kuondoka. Andika matumizi unayoyadhani kwa kila kisiki. Utayahitaji wakati wa kubashiri.

Kwa kuwa visiki hufichwa, hesabu moja haitoshi. Njia nyepesi ya kujua vingapi vilikupita ni kuwatuma watu wawili kwa nyakati mbalimbali. Wa kwanza huweka alama ndogo ya chaki mahali ambapo wa pili hawezi kuiona mpaka awe amekwishakipata kisiki mwenyewe. Tuseme wa kwanza amepata visiki 20, wa pili 18, na katika hivyo 15 ni vilevile alivyoviona wa kwanza. Zidisha 20 kwa 18, gawanya kwa 15, upate 24. Wote wawili pamoja wameviona visiki 23, kwa hiyo kimoja hivi bado kimejificha, na hesabu yao inaaminika. Kama vilivyolingana vingekuwa 6 tu, jibu lingekuwa 60, na hapo ingebidi kurudia kazi yote kwa utulivu. Shimo lisilo na mti wala kisiki libaki katika safu yake ya hali isiyojulikana. Penye uhaba wa kuni hata kisiki huchimbuliwa, na haifai kudai kwamba mche huo ulikufa utotoni ikiwa hakuna aliyeuona ukifa.

Hesabu ya kusalimika

Kanuni yenyewe ni fupi. Kwa kila mwaka, gawanya idadi ya miti iliyosimama mwisho wa mwaka kwa iliyokuwapo mwanzo wake. Jibu ndilo kiwango cha kusalimika cha mwaka huo. Kisha zidisha viwango vya miaka yote kwa kufuatana. Njia hii ya kuzidisha hatua kwa hatua, ambayo Edward Kaplan na Paul Meier waliieleza katika makala yao ya 1958, hutumika zaidi katika utafiti wa tiba, na ubora wake ni kwamba inakubali kumbukumbu zilizokatika. Miti iliyopunguzwa kwa kibali, kwa mfano, haikuibiwa wala haiwezi kuibiwa tena; huiandiki kuwa hasara, bali unaiondoa katika idadi ya kuanzia mwaka unaofuata. Kipande kilichopitiwa na barabara mpya hufanyiwa vivyo hivyo.

Takwimu zifuatazo ni za mfano wa kufundishia. Ukanda wa barabarani una vipande vinne vyenye miti 340. Mwaka wa kwanza ilibakia 300, wa pili 255, wa tatu 204. Viwango vya kusalimika ni 0.88, 0.85 na 0.80, na kwa miaka mitatu yote ni 0.60. Ukanda wa ndani una vipande sita vyenye miti 540. Ilibakia 529, kisha 513, kisha 498, yaani takriban 0.98, 0.97 na 0.97, na kwa jumla 0.92. Ukizichanganya kanda hizi mbili utasema kwamba shamba limebakiwa na miti 702 kati ya 880, karibu asilimia 80, na mkutano utamalizika kwa furaha. Ilhali upande mmoja umekwishapoteza miti minne katika kila kumi, na kila mwaka unapoteza kwa kasi kubwa kuliko uliotangulia.

Kutazama mbele

Hapa ndipo wengi huteleza. Ukichukua wastani wa miaka mitatu ya ukanda wa barabarani utapata 0.84 kwa mwaka, na kwa miaka minne mingine utabashiri kwamba miti 103 hivi kati ya 340 itafika. Ukitumia kiwango cha mwaka wa mwisho, 0.80, utabashiri miti 84. Lakini kiwango kilikuwa kinashuka, na sababu ya kushuka inaeleweka: miti ilikuwa inanenepa kuelekea ukubwa wa boriti. Kikiendelea kushuka kwa mwendo huohuo, 0.75, 0.70, 0.65 na 0.60, itakayofika ni miti 42 tu. Makadirio haya matatu yanatokana na daftari moja, na tofauti yake ni ya kuchagua kati ya kuendelea kulinda na kuvuna sasa.

Ndiyo maana kipenyo kilipimwa. Panga miti ya kila ukanda kwa makundi ya unene, ya fito, ya mapau, ya boriti na ya nguzo, kwa kutumia vipimo vinavyotumiwa na wauzaji wa miti wa eneo lako, na utafute kiwango cha kukatwa kwa kila kundi. Mara nyingi utakuta kundi moja au mawili yanabeba karibu hasara yote. Kisha, badala ya kuuliza hatari itakuwaje mwaka kesho, jiulize miti mingapi itaingia katika kundi linalotafutwa mwaka kesho, na uitumie hatari ya kundi hilo kwa idadi hiyo. Umri wa shamba peke yake hauoni jambo hili, unene unaliona.

Jambo la pili la kutazama ni kuhama kwa ukataji. Ukanda wa ndani unaonekana salama kwa 0.97, na ukiendeleza kiwango hicho kwa miaka minne utabashiri miti 441 kati ya 540. Lakini utulivu wa ndani umegharimiwa na barabarani. Miti ya karibu ikiisha, anayeihitaji hataacha kuihitaji, ataingia ndani. Kwa hiyo andika bashiri ya pili ambamo, kuanzia mwaka wa tatu, ukanda wa ndani unapokea viwango vilivyoonekana barabarani mwanzoni: 0.97, 0.97, 0.88, 0.85. Miti itakayofika inashuka kuwa 350. Nionavyo mimi, kwa visiwa vidogo kama vyetu, ambako hakuna ukanda ulio mbali kweli na makazi, bashiri hii ya pili ndiyo inayostahili kuaminiwa zaidi, na ile ya kwanza itumike kama kikomo cha matumaini.

Ya tatu ni majira. Katika Pemba msimu wa karafuu huvuta pande mbili: fedha na kazi hupatikana, na hivyo haja ya kuuza miti hupungua, lakini watu wazima wote wamo mikarafuuni na shamba la miti halina mtu. Upande upi una nguvu zaidi si jambo la kudhani. Linganisha visiki vya miezi ya mavuno na vya miezi ya ukata, mwaka wa mavuno makubwa na mwaka wa mavuno haba. Mwezi wa Ramadhani na wiki za kuelekea sikukuu ziwe na safu yake pia.

Picha za setilaiti zinasaidia, ila kwa kiasi. Picha za bure za Sentinel-2 zina punje za mita 10, yaani kila nukta ya picha ni eneo la mita 10 kwa 10, kwa hiyo zinaonesha eneo lililofyekwa au kuungua, lakini mti mmoja uliotolewa chini ya mwavuli wa majani hauonekani, na wakati wa masika mawingu huziba. Zitumie kugundua njia mpya na viwanja vipya vya nyumba kando ya shamba. Alama hizo hutangulia ukataji, na kila ilipofunguliwa njia, ukanda uliokuwa wa ndani usihesabiwe tena kuwa wa ndani.

Kiasi cha kuamini

Makadirio yasiyo na upana huwadanganya watu. Namna ya kupata upana bila kompyuta ni hii: andika kila kipande cha sampuli na matokeo yake kwenye kikaratasi, viweke katika kikapu, chukua kimoja, andika, kirudishe, changanya, chukua tena, mpaka utimize idadi ileile ya vipande. Fanya hesabu ya kusalimika kwa mkusanyiko huo. Rudia mara 40 au zaidi, panga majibu kutoka dogo hadi kubwa, acha moja la chini kabisa na moja la juu kabisa, na yaliyobakia ndiyo upana wa makadirio yako. Mwenye kompyuta anaweza kuiagiza programu ya bure ya R irudie mara 1,000. Kinachochukuliwa kikapuni kiwe kipande kizima, wala si mti mmoja mmoja, kwa sababu mkataji akiingia mahali hukata kadhaa kwa pamoja, na miti ya kipande kimoja hushiriki bahati moja. Anayesahau hilo hupata upana mwembamba mno na kujiamini kusikostahili.

Kuamua

Kwa kila ukanda linganisha mambo mawili: thamani ya mti inaongezeka kiasi gani ukisubiri mwaka mmoja, na uwezekano gani upo wa mti huo kuwapo bado. Tuseme thamani inaongezeka kwa asilimia 15. Ndani, kwenye kiwango cha 0.97, shilingi 100 za leo ni shilingi 112 hivi mwakani, kwa hiyo kusubiri kuna faida. Barabarani, kwenye 0.80, shilingi 100 zinakuwa 92. Kusubiri huko ni kupoteza, hata kama mti bado mwembamba na kitabu cha misitu kinasema umri wa kuvuna haujafika. Kwa hesabu hii ya kawaida kabisa, shamba moja linaweza kuhitaji kuvunwa upande mmoja na kulindwa upande wa pili.

Kuvuna mapema kwa kibali kuna manufaa ambayo hesabu hiyo haijayaingiza. Ukipunguza kwa mpango miti ya ukubwa wa boriti kando ya njia, ukawauzia wanakijiji kwa bei wanayoimudu na kwa risiti ya kamati, unaondoa kile ambacho kingewaleta usiku. Sheria ya usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu, Namba 10 ya 1996, inaziruhusu jamii kufanya makubaliano ya kusimamia misitu yao, na kamati yenye makubaliano hayo iingize upunguzaji katika mpango wake badala ya kungoja siku ya mavuno makuu. Mimi naamini, na nalisema bila kusitasita, kwamba shamba ambalo majirani zake hawapati hata fito moja kwa njia ya halali halitafika miaka ishirini kwa idadi yoyote ya walinzi.

Pale ambapo uamuzi ni kulinda, peleka doria ulikooneshwa na daftari, katika ukanda, ukubwa wa miti na usiku ulioonekana kuwa na hatari. Wanaopima wasiwakabili wakataji. Waandike, wapige picha za visiki, na wampe taarifa sheha na afisa misitu. Daftari lisiwe na jina la mtu yeyote anayeshukiwa, kwa sababu kisiki hakithibitishi aliyekikata, na kamati ikianza kutumia vipimo kuwatuhumu majirani, mwaka unaofuata hapatakuwa na atakayekubali kupima.

Kurudi kupima

Bashiri iandikwe, itiwe tarehe na saini, na ihifadhiwe mahali ambapo haitabadilishwa: kwa kila ukanda, miti mingapi inatarajiwa kusimama mwakani, na upana wake. Mwaka ukitimia, hesabu tena katika mwezi uleule, ikiwezekana na watu walewale, na uilinganishe na bashiri. Idadi ikiwa ndani ya upana, endelea na viwango vyako ukiongeza mwaka mpya. Ikiwa chini yake, kabla ya kubadilisha viwango angalia ramani: imefunguliwa njia, limejengwa tanuri, limeongezeka kundi la miti iliyofika ukubwa wa boriti, au mlinzi hakulipwa? Na ikiwa juu yake, usiandike kwamba ulinzi umefaulu mpaka upite katika shamba la shehia ya jirani ukahesabu visiki vipya huko, kwa ruhusa ya kamati yake, kwani huenda wakataji walihamia tu na watarudi miti ya huko itakapopungua.